Kwato ya Khunoana

Katika idara yetu, farasi wa serikali hakuhesabiwa kuwa amekufa mpaka kwato yake ifike mezani. Ilitakiwa kwato ya mbele, mguu wa kushoto, ile yenye namba. Kwato huota kama kucha za binadamu, kwa hiyo namba ilichomwa upya kwa chuma cha moto kabla ya majira ya baridi na tena baada yake. Mtunza farasi aliyezembea kazi hiyo alijitafutia balaa, maana mnyama wake akifa, alikufa bila jina.

Sharti hilo halikutungwa kwa ukatili. Zamani farasi wa serikali walikuwa wakifa ovyo katika vituo vya mpakani. Walikufa kwenye karatasi tu, kisha wakaonekana ng'ambo wamenenepa, wanavuta mikokoteni ya watu. Waliowauza walikuwa watumishi wenzetu, na baadhi yao walikaa viti vya mbele kanisani. Idara ikasema mwenye msiba alete kwato. Tangu hapo vifo vikapungua, kana kwamba farasi wote wa Lesotho wamepata dawa. Mimi naliona sharti hilo kuwa la haki hadi leo. Sharti lililowekwa kwa ajili ya wezi humwangukia pia asiye mwizi, na mtu mzima hana budi kulijua hilo kabla ya kuajiriwa.

Lebusa Phoofolo alilijua. Alikuwa mtunza farasi na mpelekaji chanjo katika kituo chetu cha Ha Moqalo, juu kabisa kwenye milima ya mashariki. Jina la ukoo wake maana yake ni mnyama, na hakuna aliyeacha kumtania kwalo. Tjamela, mtunza ghala wetu, kila alipopima lishe ya farasi aliuliza kwa sauti kama mgao ni wa wanyama wa miguu minne peke yao au hata huyu wa miwili anahitaji chake. Phoofolo hakujibu utani. Alibeba gunia lake akaenda zizini, na huko ndiko ulikomsikia akizungumza. Alizungumza na farasi kwa urefu, kwa sauti ya chini, kama mtu anayemweleza mgeni habari za nyumbani. Akija kwa watu, maneno yalikuwa yamemwishia.

Mkewe, 'Malebohang, alikuwa kinyume chake. Alicheka mpaka wa nyumba ya pili wakacheka bila kujua kisa. Lakini kifua chake kilikuwa kimeharibika. Miaka ile mitatu ya mwisho kila baridi ilipoingia alikohoa mpaka akashika ukuta, na muuguzi wa zahanati alikwisha kumwambia wazi kwamba asipoteremka kwenda kuishi nchi ya chini, ipo baridi moja ambayo hataivuka. Hivyo wakapanga. Phoofolo angestaafu mwaka unaofuata. Kiinua mgongo chake kingejenga nyumba ya matofali karibu na Mafeteng, jirani na dada yake 'Malebohang aliyeitwa 'Mathuso. Mpango wao ulikuwa huo, hawakuwa na mwingine. Na kila mtumishi alifahamu kwamba mwenye kupoteza mali ya serikali kwa uzembe haachiwi kustaafu mpaka amelipa, na kinachobaki cha kiinua mgongo chake hakijengi hata banda.

Mwishoni mwa Agosti, Phoofolo alipanda na chanjo ya kondoo kwenda kwenye malisho ya juu, wanakokaa wachungaji. Alimpanda Khunoana, farasi jike mwekundu, mfupi, mwenye miguu minene, aliyezaliwa zizini kwetu. Phoofolo ndiye aliyemtoa tumboni mwa mama yake kwa mikono. Wakati wa kurudi, theluji iliwakuta kwenye shingo ya mlima, pale njia inapovuka mgongo wa milima. Khunoana akateleza, akaanguka kwenye mawe, na mguu wa nyuma ukakataa kumbeba. Phoofolo alimvuta, akamsihi, akamsukuma kwa bega. Mnyama hakuinuka. Akakaa naye mpaka theluji ikafika magotini, kisha akavua blanketi lake, lile zito la sufu ambalo idara huwapa wapelekaji chanjo, akamfunika. Yeye akajitupia gunia tupu mabegani akateremka kwa miguu.

Alifika kituoni asubuhi, masikio meusi kwa baridi, hajui hata viatu vyake viko wapi. Tukamlaza. Alipoulizwa habari za farasi, alisema tu kwamba kule juu yamekwisha. Hakuna aliyetumwa kwenda kutazama. Idara ilikuwa imeagizwa kupunguza gharama za uendeshaji, na farasi waliobaki walikuwa wamekatiwa lishe mpaka mbavu zinahesabika. Na hata wangekuwa na nguvu, mtu akisema yamekwisha, yamekwisha.

Siku chache baadaye Tjamela alikwenda kitandani kwake na kalamu, aandike hasara. Farasi mmoja. Blanketi moja. Hapo akasimama.

"Blanketi limepoteaje?"

"Nilimfunika."

"Ulifunika maiti?"

"Alikuwa anahema."

Tjamela akaweka kalamu chini. Yule mtu alikuwa mtani, lakini si mjinga. "Phoofolo, nisikilize vizuri. Neno hilo mimi sikulisikia. Farasi alikufa, ndipo wewe ukaondoka. Blanketi limechukuliwa na upepo."

"Alikuwa anahema, Tjamela."

"Hata mimi nahema. Nani ameandika popote kwamba nahema?"

Basi Tjamela akaandika kwamba farasi ameanguka mlimani na kwato italetwa. Kwa upande wake alimtendea wema. Mimi siupendi wema wa namna hiyo. Lakini nilimwelewa, maana mwaka uliotangulia gari jipya la idara lilikuwa limetoweka mikononi mwa mkubwa mmoja huko Maseru, likaandikwa kuwa ni ajali, na hakuna aliyemwagiza alete hata usukani. Tjamela alikuwa akituuliza chini kwa chini kwato ya gari ni ipi, tairi au taa.

Theluji ilipoyeyuka, Phoofolo akapanda mlimani na kisu na gunia, akichechemea, maana vidole vya mguu mmoja vilikuwa vimeharibika. Alirudi kesho yake. 'Malebohang alikuwa akimngojea mlangoni tangu jua kuchomoza. Alimwuliza kama ameipata. Akasema ameipata. Mwanamke akakaa chini pale pale kizingitini, akacheka, akakohoa, akacheka tena. Blanketi nalo lilikuwa limerudi, limechanika pembeni, na akalifua mwenyewe.

Tangu siku hiyo 'Malebohang akawa mtu wa safari. Alipeleka ujumbe kwa dada yake akaulizie kiwanja. Alipanga vyombo, vya kwenda na vya kubaki. Kuku wake aliwagawa kwa jirani mmoja mmoja, na kila kuku alitolewa na maelezo ya tabia zake, huyu anakula mayai, huyu mfunge kamba siku za mvua. Mke wangu alipata jogoo mwenye kiburi. Phoofolo aliwaona kuku wakiondoka, akakaa kimya. Tulidhani ni kimya chake cha siku zote.

Bodi ya Hasara ilikuja mwishoni mwa Oktoba. Mwenyekiti wake alikuwa 'M'e Limpho Sefali (kwetu 'm'e ni mama, kama ntate alivyo baba), aliyewahi kuwa mwalimu wa hesabu, mwenye sifa ya kurudisha stakabadhi ya mfuko wa chumvi kwa sababu tarehe imefutika. Alikuwa ametumwa kupitia kila kituo na kueleza kwa nini idara inakula fedha nyingi na inapoteza mali nyingi. Walikaa ghalani, maana hapakuwa na chumba kingine, na sisi watumishi tukakaa ukutani juu ya magunia. Asubuhi nzima ilikwenda kwenye lishe na dizeli. Tjamela alitoka jasho. Tandiko moja halikuonekana, akaeleza kwamba limeliwa na panya. 'M'e Sefali akamwuliza kama panya hao walikula na vikuku vyake vya chuma vya kuwekea miguu. Watu wakacheka, na Tjamela akaahidi kulitafuta. Kabla ya chakula lilikuwa limepatikana.

Ikafika zamu ya farasi. Phoofolo akaitwa, akasimama mbele ya meza ameshika kofia. 'M'e Sefali aliichukua kwato, akaigeuzageuza kwenye mwanga wa mlango, akaisoma namba mara mbili.

"Ni yake," akasema. Akatazama blanketi lililokunjwa mezani. "Na hili limerudi. Hasara moja nimeifuta. Pole, Ntate Phoofolo. Nimeambiwa mlikuwa mnapendana."

Phoofolo akaitikia kwa kichwa.

Mawingu yalikuwa yanajikusanya na mama yule alitaka kuvuka mto kabla ya mvua. Akaanza kuandika huku akisoma anachokiandika, kwamba farasi alianguka kwenye shingo ya mlima akiwa kazini, akafia hapo. Hakukuwa na uzembe. Akainua macho.

"Ndivyo ilivyokuwa, Ntate?"

Lilikuwa swali la kumalizia tu, kama mtu anavyokuuliza umeshiba. Wakati huo 'Malebohang alikuwa amefika mlangoni na beseni la maji ya kunawa, maana wanawake wa kituo ndio waliowapikia wageni. Alisimama akisubiri wamalize.

"Sivyo, 'M'e," Phoofolo akasema.

"Sivyo vipi?"

"Hakufia pale. Nilimkuta huku chini, kwenye kivuko cha mto."

"Nani alimpeleka huko?"

"Hakuna. Alinifuata."

Nilimtazama Tjamela. Alikuwa amefumba macho.

'M'e Sefali akamwambia aeleze, na akaeleza, kwa maneno mengi kuliko yote niliyowahi kumsikia akiyatoa mbele ya watu. Alipanda kwa kivuko cha juu zaidi, maana hiki cha chini kilikuwa kimejaa maji ya theluji, na alipofika kwenye shingo ya mlima hakumkuta. Alikuta mahali alipolala, na kinyesi mbali kidogo, na kingine mbali zaidi. Blanketi alilikuta limenaswa na kichaka cha miiba nusu ya njia. Khunoana alikuwa ameinuka baada ya yeye kuondoka, akateremka kwa miguu mitatu nyuma yake, ile njia yote, mpaka kwenye kivuko. Maji yalimshinda. Akalala ukingoni. Na hakufa siku hiyo wala ya pili yake, Phoofolo akasema, maana majani yaliyomzunguka yalikuwa yametafunwa mpaka kwenye udongo, duara zima, mpaka pale shingo yake ilipoweza kufika. Nje ya duara majani yalikuwa marefu.

Kutoka kwenye kivuko kile unaona mapaa ya kituo chetu. Wote mle ghalani tulilijua hilo, hakuwa na haja ya kulisema. Alilisema.

"Ntate," 'M'e Sefali akasema, na alikuwa amevua miwani, "unajua unachokifanya?"

"Najua."

"Nilikuwa nimekwisha kuandika."

"Umeniuliza, 'M'e."

Sina lawama kwa mama yule. Kuna watu kituoni walimlaani kwa miaka, mimi sikuwa mmoja wao. Kwa sheria ya idara, mnyama aliyeachwa akiwa hai, bila kituo kuombwa kumtafuta, ametelekezwa, na kutelekeza ni uzembe. Asingeweza kulisahau alilolisikia mbele ya mashahidi wote wale, na lau angelisahau, tungemwita mwizi kama yule wa gari. Alikata mstari juu ya maneno ya kwanza akaandika mengine, polepole. Phoofolo angeendelea na kazi mpaka thamani ya farasi imalizike kukatwa kwenye mshahara wake, na sehemu ya kiinua mgongo ingezuiwa.

'Malebohang akaweka beseni mezani. Aliwanawisha wageni mmoja mmoja, kama adabu inavyotaka, akaleta ugali na nyama ya kondoo. Mkono wake haukumwaga tone. Wageni walikula kidogo wakaondoka na mvua.

Yaliyosemwa nyumbani kwao jioni hiyo nayajua kwa sababu 'Malebohang alimsimulia mke wangu, na Phoofolo miaka ya baadaye hakuyakana. 'Malebohang alianza kwa kumwuliza mumewe kama alijua mambo ya kivukoni tangu siku ile aliporudi na gunia. Akasema alijua.

"Ukaniacha nigawe kuku."

"Nilikuwa natafuta pa kuanzia."

"Umepapata. Ukweli wako umeanzia kwa wageni."

Phoofolo akamwuliza mkewe angemwambiaje jambo kama lile.

"Kwa mdomo," 'Malebohang akasema. "Ungenikalisha hapa uniambie. Ningelia, Ntate. Ningekutukana wewe na farasi wako. Halafu ningekwambia nenda kaseme. Unadhani ningetaka nyumba iliyojengwa juu ya mnyama yule? Lakini ungeniambia mimi kwanza. Leo nimesikia nikiwa nimeshika beseni, kama mpishi wa watu."

Watu wengi husifu kisa hiki kwa sababu ya lile jibu la ghalani. Vijana wa idara waliwahi kunisimulia mimi, bila kujua nilikuwepo, wakimfanya Phoofolo shujaa. Jibu lile lilikuwa la kweli na ninalistahi. Lakini mtu aliyekuwa na haki ya kwanza ya kuupata ukweli huo alikuwa akilala ubavuni mwake, na kwa majuma mengi alimwacha afurahi bure. Kukaa kimya nyumbani na kunyoka mbele ya wakubwa si unyofu uliokamilika. Aliyejengewa nyumba ya maneno ndiye anayeumia inapoanguka.

'Malebohang hakuacha kumpikia. Alikoma tu kucheka. Mwezi wa Aprili, kabla njia hazijafungwa na baridi, 'Mathuso akaja na gari la kukodi akamchukua dada yake. Phoofolo alipakia vitu mwenyewe, akavifunga kwa kamba za farasi, akaangalia mafundo mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Wanawake waliimba kidogo. Mume na mke wakapeana mikono kama watu waliokutana mnadani, na gari likaondoka.

Tangu hapo alikuwa akienda kusimama ofisini penye simu. Mara mbili tatu alipiga. Aliuliza kama kuna baridi huko, akaambiwa si sana, akasema vizuri, akaweka simu chini. Mwezi wa Juni akaomba likizo. Akajibiwa kwamba nauli na posho ya mtu wa kumshikia zamu zimeondolewa katika gharama za mwaka huo, asubiri Oktoba.

Tjamela alimwambia aende tu. "Farasi nitawalisha mimi. Nikiulizwa, nitasema uko juu na chanjo."

"Sina ruhusa."

"Ntate, mkeo anakohoa. Ruhusa utaipata wapi nyingine?"

"Nikienda hivyo, watakukata wewe."

"Wanikate. Nina mwili mkubwa."

Hakwenda. Mimi ni mtu wa masharti, na nimekwisha kusema hivyo. Lakini nimelifikiri jambo hili miaka mingi, na hapo siwezi kumtetea. Angekwenda. Hata kwa miguu angekwenda.

'Malebohang alifariki wiki ya pili ya Julai, katika nchi ile ya chini ambayo ilikuwa imponye. Safari hii idara ilitoa gari. Tjamela na mimi tulimsindikiza. Alipoingia nyumbani kwa shemeji yake alimkuta 'Mathuso ameketi juu ya godoro chini, amejifunika, pamoja na wanawake wa mtaa. Akapiga goti mlangoni, hakujua apite au abaki. Mwishowe akamwuliza shemeji yake kama marehemu aliacha neno lolote kwa ajili yake.

"Alikuwa akiniuliza basi la milimani linafika saa ngapi," 'Mathuso akasema. "Kila siku. Nikamwambia, dada, acha kujitesa, yule haji. Akasema atakuja, amefungwa na kazi tu."

"Kwenye simu hakuniambia."

"Na wewe ulimwambia nini?"

Phoofolo akasogea ukutani walipokuwa wanaume.

Jumamosi tukamzika. Ilikuwa asubuhi kavu, jua kali lisilo na joto. Wasemaji walisema wasemayo, mzee wa kanisa alisifu uvumilivu wa marehemu, na mtu wa idara akasoma salamu za rambirambi. Kisha mwendesha shughuli akauliza, kwa desturi tu, kama mfiwa ana neno, akijua wafiwa wengi hutikisa kichwa. Phoofolo akasogea mbele. Aliangalia jeneza, hakutuangalia sisi.

"Mama huyu nilimwambia wa mwisho," akasema. "Alikuwa wa kuambiwa wa kwanza."

Tulingoja aendelee. Wanawake wakamwonea huruma wakaanzisha wimbo. Wanaume wakashika makoleo, wakapokezana kama ilivyo kawaida, huyu akichoka anampa mwenzake. Phoofolo alipopokea lake hakumpa mtu. Tjamela akamwendea na mkono umenyooshwa, akamwita kwa upole, Ntate, lete nikusaidie. Akaendelea kutupa udongo, akichechemea huku na huku pembezoni mwa shimo, mpaka kaburi likajaa.